Jicho, watu au maabara: uanze wapi kujua kama picha, kinyago au mkuki ni halisi

Fundi wa fremu huiona picha kuanzia mgongoni. Mteja akiingia karakanani kwangu hapa Mwanjelwa, yeye anatazama uso wa picha na kuwaza ukuta wa sebuleni. Mimi naigeuza. Naona misumari, vumbi, gundi, maandishi ya penseli, kipande cha boksi kilichowekwa kuziba mende. Nadhani ndiyo sababu watu wa Mbeya wameanza kuniletea hata vitu visivyohitaji fremu: vinyago, mkuki, mara moja chungu kutoka Matema. Wote wana swali moja: "Fundi, hiki ni chenyewe?"

Mwaka jana alikuja mwalimu mstaafu kutoka Tukuyu, picha ameifunga kwenye khanga.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea Tingatinga. Na sisemi mtindo wa Tingatinga. Nasema yeye mwenyewe, Edward, aliyeuanzisha."

Ndani ya khanga alikuwemo chui mmoja juu ya tawi, kwenye hadibodi ya mraba, rangi ya mafuta inayong'aa, na saini chini upande wa kulia. Kuna mtu alikuwa tayari kutoa fedha nyingi akipewa uthibitisho, na mwalimu alishaambiwa kwamba uthibitisho wa kweli unatoka maabara, tena Ulaya. Alikuja kuniuliza namna ya kuipakia isivunjike safarini. Nikamwomba tuiache maabara kwanza, tunywe chai.

Njia zipo tatu: kukikagua kitu mwenyewe kwa jicho na mkono, kufuata watu na karatasi kilikopitia, au kukipeleka maabara. Nitazilinganisha kama ninavyozijua kutoka huku Nyanda za Juu Kusini, ambako maabara iko mbali na mabasi yako karibu.

Unauliza nini hasa?

Neno "halisi" linabeba maswali matatu, na wauzaji wanapenda tuyachanganye. Nani alikitengeneza? Lini? Na kimefikaje mikononi mwa huyu anayekiuza? Jicho linafaa kugundua kisichokaa sawa. Watu na karatasi ndio hujibu "nani" na "kimefikaje". Maabara hujibu "lini", na mara nyingi kwa upande mmoja tu: inaweza kukwambia kitu hiki hakiwezi kuwa cha mwaka unaotajwa, lakini haina kipimo cha kumtaja aliyeshika brashi.

Wakati mwingine hata "nani" si swali jepesi. George Lilanga, mchoraji na mchongaji Mmakonde aliyefariki mwaka 2005, katika miaka yake ya mwisho alikuwa amekatwa miguu kwa ajili ya kisukari, na wasaidizi wake walifanya sehemu kubwa ya kazi. Picha iliyotoka katika karakana yake, ikapakwa rangi na kijana wake, yeye akaitia saini: ni ya Lilanga? Mimi nasema ndiyo, ila muuzaji aseme yote kabla ya kutaja bei.

Jicho na mkono

Vifaa vyangu ni vya bei ya kawaida. Lenzi ya fundi saa, ile tochi ya mwanga wa zambarau wanayokagulia noti madukani, pamba, spiriti kidogo na ndoo ya maji.

Kwa kinyago njia hii ndiyo inayolipa kuliko zote. Mpingo ni mzito kuliko maji, kwa hiyo kipande chake kinazama kwenye ndoo, wakati miti mingi inayopakwa weusi inaelea. Moyo wake ni mweusi wenye kahawia au zambarau, na sehemu ya nje ya gogo imepauka kwa umanjano, na mpaka kati ya hizo mbili unaonekana wazi. Wachongaji wengi huacha kipande cha hiyo sehemu iliyopauka makusudi, kama kitambulisho. Wewe geuza kinyago uangalie chini ya kitako, mahali ambapo mpakaji rangi huwa amechoka. Sugua kwa pamba yenye tone la spiriti. Doa hafifu la kahawia lisikutishe, hata mpingo wa kweli hutoa. Pamba ikitoka nyeusi tii na kunuka dawa ya viatu, mrudishie mwenyewe kinyago chake. Spiriti hiyo usiipeleke kwenye picha hata kidogo. Nimeona mtu amefuta sikio la tembo kwa uchunguzi wa namna hiyo.

Kujua kwamba ni mpingo, hata hivyo, hakukwambii umri. Kinyago kilichochongwa Mwenge, Dar es Salaam, wiki iliyopita ni mpingo halisi, na kikilazwa chini ya mavumbi miezi sita kitaonekana cha babu.

Tochi ya noti inafaa kwa karatasi. Karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya Vita Kuu ya Pili zimetiwa dawa ya kung'arisha, na chini ya mwanga ule zinawaka rangi ya samawati kama shati jeupe disko. Ukiletewa "barua ya Mjerumani ya mwaka 1912" ikawaka hivyo, mazungumzo yamekwisha. Isipowaka hujathibitisha kitu, maana karatasi zisizo na dawa hiyo zinatengenezwa mpaka leo.

Sasa chui wa mwalimu. Nyuma ya hadibodi mtu alikuwa amepigilia kipande cha katoni, na kwenye katoni kulikuwa na ile mistari myeusi ya kuskania bei. Mistari hiyo ilianza kutumika dukani huko Marekani mwaka 1974. Edward Tingatinga alifariki 1972. Nusura nipige kelele. Halafu nikakumbuka ni nani hupigilia maboksi nyuma ya picha: ni mimi na mafundi wenzangu. Katoni inasema fremu ni ya lini. Kuhusu picha haisemi kitu. Jicho lina ubaya huo, linashangilia mapema.

Nikachukua lenzi nikashuka kwenye saini. Rangi ile ikizeeka hupasuka nyufa nyembamba, kama matope ya ukingoni mwa mto wakati wa kiangazi. Mchoraji akisaini siku ile ile anayomaliza kazi, saini na picha vitapasuka pamoja, ufa utakata herufi katikati. Hapa ilikuwa kinyume. Kwenye mguu wa herufi T ya pili, rangi nyeusi ilikuwa imeingia ndani ya ufa na kuujaza, kama uji unavyojaza mkwaruzo wa bakuli la bati. Ufa ulikuwepo kwanza, saini ikaja baadaye, pengine baadaye sana.

Nilinyamaza kidogo kabla ya kumwambia. Mzee alikuwa ananitazama usoni kama anayesubiri majibu ya hospitali.

Watu na karatasi

Jicho lilikuwa limenipa "saini ina shida". Halikunipa picha ni ya nani wala nani kaandika jina. Hapo ndipo njia ya pili inaizidi ya kwanza, na nasema wazi kwamba kwa mtu wa Mbeya au Iringa mwenye kitu cha bei ya kati, hii ndiyo njia ya kutumia muda wako mwingi. Gharama yake ni nauli, vocha na soda.

Anza na maisha ya msanii, kwa sababu yanakata maneno mengi. Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam karibu mwaka 1968, na mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi akafa. Ni kama miaka minne tu ya kazi. Waliojifunza kwake walikuwa wachache, wengi wao ndugu na watu wa kwao kusini, nao wakaendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaanzisha ushirika wao. Kufanana kwa picha zao ni shule, na hakuna anayemwita mwenzake mwizi kwa kuchora chui. Kwa hiyo picha yenye tarehe ya 1975 na jina la Edward ni ya bandia hata kama chui wake anapendeza. Picha isiyo na tarehe inahitaji mashahidi.

Nikamuuliza mwalimu maswali ambayo namuuliza kila mtu. Uliinunua wapi, mwaka gani, kwa nani, na huyo naye aliipata wapi? Ilikaa nyumba gani? Iliwahi kuondoka nyumbani kwako? Nani mwingine anaikumbuka? Na lile muhimu kuliko yote: kuna picha ya zamani ya familia ambamo hii inaonekana ukutani?

Aliinunua Kyela kwa mtu aliyerudi kutoka Dar, risiti hakuna. Kuhusu picha ya familia akafikiri, akasema harusi ya mdogo wake ilifanyikia sebuleni kwake mwaka 1988. Wiki iliyofuata alirudi na albamu. Bibi harusi amekaa kwenye kochi, wajomba wawili wamesimama kama askari, na juu ya bega la mjomba wa kushoto, chui yule yule juu ya tawi lile lile. Tukaweka lenzi kwenye kona ya chini kulia. Kona ilikuwa tupu.

"Mwalimu, hii picha iliwahi kutoka nyumbani?"

"Ilikaa Dar kwa mpwa wangu kama miaka miwili. Aliniambia anaipeleka kusafishwa." Akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Iliporudi na jina nikadhani uchafu ndio ulikuwa umelificha."

Hakuna maabara duniani ambayo ingetupa jibu hilo. Tulilipata kwa nauli ya Tukuyu kwenda na kurudi mara mbili.

Njia hii nayo ina ugonjwa wake: watu husema uongo, na karatasi hughushiwa kwa urahisi kuliko picha. Uingereza katika miaka ya 1980 na 1990, John Myatt alichora picha karibu 200 za wachoraji maarufu, akitumia rangi ya ukutani iliyochanganywa na jeli ya kulainisha. Mtu yeyote mwenye pua angeshtuka. Ziliuzwa kwa sababu mwenzake, John Drewe, alikuwa anaingia katika nyaraka za makumbusho kama Tate na kupachika humo barua na katalogi za kughushi, ili mchunguzi akienda kuhakiki akute "ushahidi" umeshakaa kwenye faili. Walihukumiwa 1999. Tangu nisome kisa hicho, cheti kizuri sana chenye mhuri wa dhahabu kinanifanya nigeuze picha mara ya pili.

Huku kwetu uongo hauhitaji hata faili. Iringa kuna maradhi ya mkuki wa Lugalo. Kila mkuki wenye kutu siku hizi ulipigana tarehe 17 Agosti 1891, siku Wahehe walipomshinda Zelewski, kamanda wa Wajerumani. Nimeshaoneshwa mitatu, na mmoja mpini wake ulikuwa na alama za msumeno wa mashine. Wauzaji nawauliza hivi: huu ulikuwa kwa nani, nyumba gani, na nani mwingine katika ukoo anaujua? Mkuki wa kweli una shangazi anayelalamika kwamba umeuzwa. Huu wa soko hauna ndugu. Na muuzaji akishikilia kwamba ni wa Lugalo, mkumbushe Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964: vitu vya kale haviondoki nchini bila kibali. Utashangaa mkuki unavyopungua umri.

Iringa yenyewe ina kisa kizito zaidi cha asili ya kitu. Si cha sanaa, kwa hiyo nakigusa kwa heshima. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilidaiwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, na halikurudi mpaka 1954, gavana Twining alipolileta kutoka makumbusho ya Bremen. Sasa liko Kalenga. Lilipatikanaje kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa huko? Yalipimwa, yakalinganishwa na vipimo vya watu wa ukoo wake, kisha likachaguliwa lenye tundu la risasi. Mnyororo wa karatasi kutoka 1898, mwaka aliokufa Mkwawa, haukuwa kamili, ndiyo maana wanahistoria bado wanabishana. Kipimo kiliweza kusema "linawezekana kuwa hili". Kufikia "ndilo hili" kulihitaji karatasi ambazo hazikuwepo.

Kuna upande mwingine wa njia hii ambao wanunuzi huusahau: kitu kinaweza kuwa halisi asilimia mia na bado kikakuletea polisi. Mwaka 1984 barakoa ya Kimakonde iliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ikanunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na ikarudi Tanzania mwaka 2010, baada ya mvutano wa miaka mingi. Mbao zake, umri wake, kazi yake, vyote sawa. Njia yake tu ndiyo ilikuwa chafu. Leo Interpol wana programu ya bure ya simu inayoitwa ID-Art, iliyotoka 2021, ambayo unaweza kutafuta humo vitu vilivyoripotiwa kuibwa. Haichukui dakika kumi. Ukikikosa kitu humo usidhani umepewa ruhusa, maana vingi vilivyoibwa havikuwahi kuripotiwa.

Maabara

Sipingi maabara. Napinga kuanza nayo. Sifa yake kubwa ni kwamba haina mpwa wala shangazi.

Mfano unaotajwa kila mahali ni wa Mjerumani Wolfgang Beltracchi. Aliuza picha iliyodaiwa kuwa ya Heinrich Campendonk ya mwaka 1914. Wataalamu walikuwa wameipitisha, na hadithi ya umiliki ilikuwa tamu. Maabara ikakuta ndani yake rangi nyeupe ya titani, ambayo mwaka huo wachoraji hawakuwa nayo bado. Alifungwa miaka sita mwaka 2011. Jicho na watu walishindwa wote wawili, chembe ya rangi ikashinda.

Kipimo hicho kingemsaidia mwalimu wangu? Hapana, na hili wanaouza huduma hawakwambii. Kufikia 1968 rangi za makopo zilikuwa tayari zinatumia titani. Chui wa 1971 na chui wa 1981 wangeonekana ndugu chini ya mashine. Kipimo hufaa pale tu ambapo kati ya tarehe ya kweli na tarehe ya uongo kuna kitu kilichovumbuliwa.

Kupima umri wa mbao kwa kaboni nako kuna mtego. Kwa vitu vya karibu miaka ya 1650 hadi 1950 majibu huja yametawanyika, unaambiwa "karne ya 17, au ya 18, au ya 19", ukachague mwenyewe. Mpini wa mkuki wa 1891 unaangukia humo humo. Kinachogundulika vizuri ni kilichoota baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, kwa sababu yalibadilisha hewa yote. Kwa hiyo mpini wa mti uliokatwa juzi utakamatwa. Kwa mpingo ongeza tahadhari: mti huo unakua taratibu sana, na kaboni hupima wakati mbao ilipoota, haipimi siku patasi ilipoingia. Moyo wa gogo la zamani ukichongwa leo utatoa umri wa zamani.

Vyungu vina kipimo chao, cha mwanga unaotoka udongo unapopashwa moto, kinachohesabu miaka tangu udongo ulipopata moto mkali mara ya mwisho. Kinaweza kukosea kwa robo ya umri au karibu na hapo. Kutenganisha chungu cha miaka 800 na cha jana, sawa. Chungu cha Kikisi cha bibi yako ni kupoteza fedha. Panda gari mpaka Matema, nenda soko la vyungu la Lyulilo ukawaoneshe akina mama wanaofinyanga. Wao huangalia mdomo wa chungu na michoro ya udongo mweupe na mwekundu, wakaanza kubishana wao kwa wao kwamba huu ni mkono wa ukoo gani. Ule ubishi ndio uchunguzi wenyewe.

Ongeza kwamba sampuli lazima zisafiri nje, kwamba kitu cha kale kitahitaji kibali, na kwamba vipimo vingine hukata kipande. Kwa kitu cha laki mbili au tatu, kipimo kitakugharimu kuliko kitu chenyewe.

Kwa hiyo uchague nini

Kinyago unachonunua cha kupamba nyumba: jicho linatosha, ndoo na pamba, ukilipa bei ya mpingo hakikisha ni mpingo. Kikapu cha Iringa, gusa uone kama ni milulu au ni plastiki iliyopakwa rangi, basi. Chungu, waulize wafinyanzi.

Picha yenye jina kubwa: jicho kwanza siku ya kwanza, kisha watu, bila kuruka. Piga picha uso, mgongo, kingo nne na saini kwa karibu, uzitume kwa wachoraji wazee wa Dar kabla hujatoa hata shilingi. Maabara ije pale ambapo njia hizi mbili zimekubaliana na bei ni ya kununua kiwanja. Njia mbili za kwanza zikigombana, usitume maabara ikaamue. Rudi kwa muuzaji.

Chochote kinachodaiwa kuwa cha kabla ya ukoloni au cha vita: anza na "kimefikaje". Jibu likiwa la kusitasita, usikiguse hata kama jicho linakisifu.

Chui wa mwalimu nilimtuma Dar kwa WhatsApp. Mchoraji mmoja mzee alijibu kwa sauti, dakika tatu nzima, nusu yake ni salamu. Alisema madoa yale si mkono wa Edward, ni ya mmoja wa waliomfuata, akataja anayemdhania, akaonya kwamba anadhania tu. Mnunuzi wa fedha nyingi alipoelezwa kuhusu saini hakuonekana tena. Alikuja mwingine, mama mmoja mwenye nyumba ya wageni hapa mjini, akaipenda ikiwa "mtindo wa Tingatinga, mchoraji hajulikani, ilikuwepo 1988", na mwalimu akakataa kuiuza.

Aliniomba fremu mpya. Akataka saini ile ibaki kama ilivyo, ila nyuma nisipigilie katoni. Nikamwekea ubao wenye vikomeo vinne vya kuzungusha kwa kidole, na ndani yake, kwenye bahasha, kopi ya picha ya harusi.